Super Treasure Hunt: kwa nini ni chache, na nini cha kukagua kabla ya kulipa

Weka mezani Hot Wheels mbili, vile vigari vya kuchezea vya kampuni ya Mattel, za modeli moja: ya kawaida na Super Treasure Hunt, toleo adimu linalowindwa na wakusanyaji. Bodi ni ile ile, zimetoka kwenye kalibu moja. Muuzaji anayedai Super ni adimu kwa sababu kalibu yake ilivunjwa, mwachie mali yake.

Uchache unaanzia kwenye rangi. Gari la kawaida hupakwa rangi nzito, na rangi nzito inasitiri mengi: mshono wa kalibu, vitundu vidogo, mikwaruzo ya zamaki, ile aloi ya zinki inayomiminwa kuwa bodi. Super hupakwa Spectraflame, rangi inayopitisha nuru, kwa hiyo bodi iliyo chini yake lazima ing'arishwe kwanza. Dosari iliyoachwa hapo haijifichi tena. Magurudumu nayo si plastiki tupu. Ni rimu iliyovishwa tairi la mpira, yale yanayoitwa Real Riders. Kazi ni nyingi zaidi, vipande ni vingi zaidi, na bado rafuni gari hilo linauzwa bei moja na wenzake. Kiwanda kikizitoa kwa wingi kama zile nyingine, hesabu inakataa.

Basi kwa nini Mattel wanazitengeneza? Tazama katoni. Katoni ya kawaida ya Marekani hubeba magari 72 mchanganyiko, na nyingi hazina Super hata moja. Mwenye duka hawezi kuagiza Super peke yake. Anachukua katoni nzima. Anayeiwinda naye hurudi rafuni kila wiki, na akiikosa huondoka na gari jingine. Faida iko kwa hayo mengine. Mpango huu wa kuchanganya magari adimu na ya kawaida ulianza 1995 kwa magari 12 yaliyoitwa Treasure Hunt, kila moja nakala 10,000. Super, daraja la juu yake, ziliongezwa 2007.

Kuna uchache wa leseni pia, yaani ruhusa ya kampuni ya magari halisi kutumia jina na umbo la gari lake, na huo usiuchanganye na huu. Ferrari ziliacha kutoka Hot Wheels baada ya 2014, zikarejea 2025. Uchache wa namna hiyo hukatika siku mkataba unaposainiwa upya, kwa hiyo bei ya juu ya leo haina ulinzi wowote.

Sasa ukaguzi. Kosa linalowagharimu wengi ni kulipa bei ya Super kwa Treasure Hunt ya kawaida. Katika matoleo ya miaka ya karibuni, Treasure Hunt ya kawaida ina alama ya mwali wa moto ndani ya duara iliyochapwa kwenye gari, na magurudumu yake ni ya plastiki. Super ina herufi TH kwenye bodi, na kwenye kadi ya kufungashia, nyuma ya gari, kuna mwali wa rangi ya dhahabu. Omba picha iliyopigwa kwa pembe ili uone nyuma ya gari.

Kisha omba picha ya chini. Bodi na sakafu hushikwa kwa ribiti. Ya kiwandani ina kichwa laini, cha mviringo. Ukiona tundu, skrubu au gundi, gari limefunguliwa: huenda limepakwa rangi upya au limebadilishwa magurudumu. Soma na msimbo uliogongwa hapo, herufi moja na tarakimu mbili. Herufi ni mwaka, tarakimu ni wiki: N15 ni wiki ya 15 ya 2020, P ni 2021, Q ni 2022 (O imerukwa). Msimbo ukiwa na mwaka ulio mbali na toleo analolitaja muuzaji, simamisha malipo kwanza.

Kwa gari lililo ndani ya kadi, pitisha jicho ukingoni mwa plastiki. Gundi ya kiwandani imekaa sawasawa. Iliyobandikwa tena huacha mabaka meupe au karatasi iliyochanika. Muuzaji akikataa kupiga picha hizi tatu, usitume hela.