Barua kwa mwanangu: kwa nini tunaingia Pilgrim Place tukiwa bado na nguvu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako tumeusoma wote wawili, mimi na baba yako. Umeuliza hasa mambo mawili: kwa nini twende kukaa kwenye kijiji cha wastaafu wa huduma ilhali kwako kuna chumba, na pesa ya kuingilia itakwenda wapi tukifariki mapema au tukibadili mawazo. La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo linaloumiza watu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Pilgrim Place ipo Claremont, California, chini ya milima ya San Gabriel, tangu 1915. Iliwekwa kwa ajili ya wamisionari na watumishi wa kanisa, na sababu yake unaijua vizuri kwa kuwa umekulia humo: mchungaji hukaa nyumba ya usharika, na siku anapostaafu anarudisha funguo. Miaka yote hiyo hajajenga kitu. Ndiyo maana vijiji vya namna hii vimezuka sehemu nyingi Marekani. Mfanyabiashara J.C. Penney alijenga kimoja huko Penney Farms, Florida, mwaka 1926, kwa kumbukumbu ya wazazi wake. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Shirika la kimisionari la SIM nalo lina kijiji Sebring, Florida.

Kwa hiyo usiifananishe na nyumba ya wazee wasiojiweza. Mtu anaingia akiwa anajipikia na kutembea mwenyewe, anapewa nyumba ndogo yenye mlango wake. Nguvu zikipungua anahamia makazi ya usaidizi, ambako anasaidiwa kuoga na kunywa dawa kwa saa zake, na akiugua sana kuna nyumba ya uuguzi. Vyote vimo ndani ya eneo moja, kwa hiyo mmoja wetu akilazwa huko, mwenzake anakwenda kumwona kwa miguu. Kwako chumba kipo, na tunashukuru kwa moyo wote, lakini wewe na mumeo mnatoka alfajiri na kurudi jioni. Mtu aliyepata kiharusi hawezi kuachwa peke yake kwa muda wa saa kumi. Ungeacha kazi. Hilo hatulitaki. Na shangazi yako wa Moshi akisema tumetupwa, mwambie tulichagua wenyewe tukiwa na akili timamu; akitaka zaidi anipigie mimi.

Sasa, kwa nini sasa hivi na si baada ya miaka mitano. Vijiji vya namna hii vina usaili wa aina mbili, wa afya na wa fedha. Wa afya ndio mlango mwembamba. Ili upate nyumba ya kujitegemea, daktari anajaza fomu, na mara nyingi muuguzi wao anakuja kuzungumza na wewe na kupima kumbukumbu. Ukishaonyesha dalili za kusahau, au huwezi kushuka kitandani bila msaada, unaweza kuambiwa huna sifa ya mkataba ule, uende moja kwa moja kwenye uuguzi kwa bei ya siku. Wengi hukosea hapo: wanasema "bado hatujafikia", na siku wanapofikia, mlango umeshafungwa. Ukiongeza foleni ya kusubiri nyumba, ambayo inaweza kuchukua miaka, utaona kwamba mwenye miaka 72 na afya njema hajaingia mapema mno.

Usaili wa fedha ni karatasi: marejesho ya kodi ya miaka miwili au mitatu, barua ya pensheni, ya Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali), akiba, na madeni. Vijiji vingi hupenda kuona mapato ya mwezi yakiwa mara moja na nusu ya ada ya mwezi au zaidi, na akiba ibaki baada ya kulipa kiingilio. Usiwaze ada ya leo tu. Chukua dola 4,000, iongeze asilimia 4 kila mwaka; baada ya miaka 15 ni kama dola 7,200. Pensheni ya kanisa haipandi hivyo. Baba yako ameshapiga hesabu hiyo kwa miaka 20, mara moja tukiwa wawili na mara moja nikiwa peke yangu. Hesabu ya mtu mmoja ndiyo ngumu, maana ada hupungua kidogo tu huku pensheni ikipungua sana.

Kuhusu kiingilio. Kwanza ondoa wazo kwamba tunanunua nyumba. Hatununui. Tunalipia haki ya kukaa na kutunzwa, haina hati, na hutairithi. Mikataba hutofautiana kwa jinsi kiingilio kinavyopungua. Tuseme ni dola 200,000 na mkataba unasema asilimia 2 inakatwa kila mwezi: ukiondoka mwezi wa 20 unarudishiwa 120,000, na kuanzia mwezi wa 50 hakuna kitu. Mikataba mingine inaahidi kurudisha sehemu kubwa wakati wowote, lakini kiingilio chake ni kikubwa zaidi, na mara nyingi kuna sentensi ndogo inayosema malipo yatafanyika nyumba ikishapata mkaaji mwingine. Soko likilala, familia inasubiri. Sheria ya California inatoa siku 90 za mwanzo ambazo mkaaji anaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu na kurudishiwa kiingilio, wakikata gharama halali tu. Tafuta kwenye mkataba wetu panaposema kifo ndani ya siku hizo kinahesabiwaje. Nataka uusome wewe mwenyewe, usisimuliwe.

Kisha uliza uuguzi unalipwaje. Kuna mkataba ambao ada ya mwezi haibadiliki hata ukihamia uuguzi. Kiingilio chake ni cha juu. Kuna unaokupa idadi fulani ya siku za uuguzi, zikiisha unalipa. Na kuna wa tatu, ambao kila huduma unalipia kwa bei ya siku hiyo. Kwa wanandoa huu wa tatu una jiwe la kujikwaa: mmoja akiingia uuguzini, mwingine anaendelea kulipia nyumba, na bili zinakuwa mbili.

Umeuliza pia kama kijiji kinaweza kufilisika. Kinaweza. Pacific Homes, makazi ya wazee yenye uhusiano na kanisa la Methodisti hapa California, yalifika mahakama ya ufilisi mwaka 1977. Wakaaji wake wengi walikuwa wamelipa kwa mkupuo, wakaahidiwa kutunzwa maisha yote. Waliishi muda mrefu kuliko ilivyokadiriwa, gharama zikapanda, na waliokwisha kulipa hawakuweza kudaiwa zaidi. Ndiyo sababu ada ya mwezi inayopanda, ambayo umeilalamikia, kwa kweli inatulinda. Omba hesabu zilizokaguliwa, uliza nyumba ngapi ziko tupu, na soma taarifa ya mwaka wanayopeleka idara ya ustawi wa jamii ya California. Jina la kanisa kwenye lango si dhamana ya fedha.

Swali la mwisho la fedha ni hili: akiba ikituishia, tutafukuzwa? Soma mkataba unasemaje, maana ahadi ya mdomo haitoshi. Pilgrim Place wana mfuko wa kusaidia wakaaji walioishiwa, na wakaaji wenyewe huuchangia: kila Novemba hufanya tamasha, wanauza vitu walivyotengeneza kwa mikono yao mwaka mzima, mbao, nguo, jamu, na mapato yanaingia humo. Hilo ndilo lililonivuta kuliko bustani na miti yote.

Medicare nayo, Neema, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, maana hapa ndipo watumishi wa Mungu wengi wanapigwa. Medicare hailipii kuoshwa na kulishwa kwa muda mrefu. Inalipia nyumba ya uuguzi hadi siku 100 tu, siku 20 za mwanzo kikamilifu, kisha unachangia. Mwaka 2025 mchango ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Na sharti ni uwe umelazwa hospitali siku tatu mfululizo. Hapa kuna mtego: hospitali inaweza kukulaza kitandani siku mbili tatu kwa jina la "uangalizi", na siku hizo hazihesabiki. Umelala, umevaa gauni lao, umetundikiwa dripu, lakini kwa karatasi hujalazwa. Baba yako akipelekwa hospitali, swali lako la kila siku liwe: amelazwa rasmi au yuko chini ya uangalizi? Ikiwa ni uangalizi, mwombe daktari wake aangalie upya.

Sehemu A ya Medicare, ile ya kulazwa, ni bure kwa aliye na alama 40 za Social Security, yaani kama miaka 10 ya kazi, au kupitia mwenzi wake. Waliotumikia nje miaka mingi wanaweza kupungukiwa. Wapo pia wachungaji waliojitoa Social Security kwa fomu namba 4361 wakiwa vijana, na kujitoa huko hakufutiki. Asiye na alama za kutosha wala mwenzi mwenye nazo alilipia Sehemu A hadi dola 518 kwa mwezi mwaka 2025. Baba yako hakujaza fomu hiyo, kwa hiyo tuko salama. Lakini bima hii ya kawaida haivuki bahari. Tukienda nyumbani Tanzania kwa Krismasi, bima ya nyongeza iitwayo Medigap, mpango G, inalipa asilimia 80 ya dharura ndani ya siku 60 za kwanza za safari, baada ya sisi kutoa dola 250, na kikomo chake cha maisha ni dola 50,000. Bila hiyo, hatusafiri.

Kuna unafuu mmoja wa kodi. Pensheni ya mchungaji kutoka mfuko wa kanisa inaweza kutengwa kama posho ya nyumba na isitozwe kodi ya mapato, kwa kiwango kisichozidi gharama halisi wala thamani ya pango la nyumba hiyo. Lazima itengwe kabla ya kulipwa. Chakula na uuguzi havimo. Na haki hiyo ni ya mwenye kuwekwa wakfu: baba yako akitangulia, mimi mjane wake siipati. Iingize kwenye ile hesabu ya mtu mmoja.

Vyombo ni jambo dogo. Nyumba ni ndogo, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kubeba: njia kati ya kitanda na ukuta ibaki sentimita 90 kigari kipite, mazulia madogo yasije kabisa kwa sababu pindo lake ndilo linaloangusha wazee usiku, na vishikio vya bafuni vifungwe kwenye mbao za ndani ya ukuta kwa skrubu, wala visiwe vya kunata kwa mpira. Mbuzi ya kukunia nazi nakwenda nayo. Kinu uchukue wewe.

Kilichobaki ni saini, na hapa nakuomba upange likizo. Hati ya matakwa ya matibabu, inayokutaja wewe kama msemaji wetu, tuisaini kabla ya kuhamia, mbele ya mashahidi wawili au mthibitishaji wa serikali. Mtu akishaingia nyumba ya uuguzi ya California, hati hiyo inahitaji pia saini ya mtetezi wa wagonjwa anayetambuliwa na serikali, na kumpata kunachelewesha. Hati ya kusimamia fedha ni tofauti, tunaitaka nayo. Nakala moja ikae kwako, moja kwa daktari, moja ofisini kwao.

Mkataba nakutumia wiki hii. Anza na kurasa za marejesho na za uuguzi, weka alama pale usipoelewa, kisha mpelekee mwanasheria anayejua mikataba ya makazi ya wazee, si yule aliyewashughulikia nyumba yenu. Tukiwa na majibu yake ndipo tutakapotoa amana.

Wasalimie mkwe wetu na wajukuu.

Mama yako