Mjane anauliza: Naweza kuandikia kanisa kila kitu, watoto wasipate?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Mimi ni mjane wa miaka 71, mwalimu mstaafu, niko huku Nakuru. Kanisa letu limefungua wakfu wa kulipia watoto maskini karo, tukaambiwa mtu anaweza kuandika mali yake iende huko akishalala. Nilisimama mbele ya kina mama nikasema natoa vyote, yaani shamba la marehemu mzee (alienda bila kuandika wosia), ploti niliyonunua na pesa yangu ya ualimu, na shea zangu za sacco. Niko na watoto watatu, mkubwa ni pombe tu, hao wengine kanisani hawakanyagi. Nikiwanyima ni dhambi? Na ile ahadi nimeshatoa nitaifanyaje?

JIBU: Asifiwe sana mama. Usiandike vyote. Na anayekwambia hivyo ni mchungaji ambaye kanisa lake pia liko na madeni, kwa hivyo usidhani nasema kwa sababu sipendi sadaka.

Kwa Marko 7 Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa sababu mtu alikuwa anaweza kusema mali hii ni korbani, imeshakuwa ya Mungu, halafu wazazi wake wanakaa bila msaada na dini inamuunga mkono. Najua hapo ni mtoto na wazazi, wewe uko upande ule mwingine, lakini Paulo kwa 1 Timotheo 5:8 hajachagua upande, anasema asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Hakusema wale wa nyumbani wanaokuja ibada peke yao.

Swali lako si geni hata kidogo. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini (siku hizi ni Annaba, Algeria), alikutana nalo karibu mwaka 425. Padri wake mmoja, Januarius, alikufa ameandika kanisa kuwa mrithi na ameacha kijana na msichana wake bila kitu, na Augustino akakataa ule urithi. Akawaambia waumini kwamba mtu anayetaka kumnyima mtoto wake ili aandike kanisa atafute askofu mwingine wa kupokea, si yeye. Lakini hakufunga mlango wa kutoa. Alisema hivi: kama una mtoto mmoja, mhesabu Kristo awe wa pili, una wawili awe wa tatu, una kumi awe wa kumi na moja, hapo nitapokea. Wewe uko na watatu mama, kwa hivyo Kristo ni wa nne, robo. Mimi sijaona hesabu ya wosia inayoshinda hiyo, na hakuna mtoto wako atasimama aseme kanisa lilimla mama yake.

Lakini robo ya nini? Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu zile fomu za kuahidi huletwa kwa semina watu wakiwa na moto na hakuna anayeuliza mali ni ya nani. Kama mzee alienda bila wosia na mko na watoto, sheria ya Kenya ya urithi (Sura ya 160) inakupa haki ya kulitumia lile shamba ukiwa hai. Baada yako ni la watoto, kwa hivyo hata ukiliandikia wakfu unaandika kitu si chako. Musa alishaliona hilo, Walawi 27:22-24, mtu akiweka wakfu shamba ambalo amelinunua tu na si la milki yake, mwaka wa Yubile (ule wa hamsini) linarudi kwa mwenye urithi. Anachoweza kumpa Mungu ni thamani yake kwa ile miaka anayolishika. Wewe pia toa mavuno ukiwa hai, hata ukitaka gunia nusu kila msimu, udongo uachie wenyewe.

Ploti ni yako. Hiyo ndio ya kuandikia wosia, na hapo kumbuka kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo ya urithi, mtoto aliyeachwa bila fungu la kutosha anaweza kwenda korti na jaji akagawa upya, hata kama ni mtu mzima anajitegemea. Wakfu wa karo unaanza maisha kwa kesi na familia ya mfadhili, sasa hiyo ni baraka gani? Shea za sacco nazo zina njia yao, sacco itaangalia jina uliloandika kwa fomu yao, kwa hivyo nenda ofisini uangalie uliandika nani, pengine ni marehemu bado.

Kuhusu ahadi, usilale na hofu. Mithali 20:25 inasema ni mtego mtu kusema haraka kitu ni kitakatifu halafu aanze kuuliza baadaye, na wewe angalau umeuliza kabla ya kuweka sahihi. Rudi kwa kina mama useme umejua shamba si lako kutoa, na kwa vilivyo vyako utatoa fungu la mtoto wa nne. Kisheria pia yale maneno hayakufungi, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili na mtu awe amekufa ndani ya miezi mitatu.

Huyo mkubwa usimkate. Kama unaogopa atakunywa fungu lake, wakili anaweza kuliweka chini ya wadhamini wawili wampe kidogo kidogo, walipe matibabu akikubali.

Ukiandika, weka sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao hawapati chochote kwa wosia, na mchungaji wako asiwe mmoja wao, inaleta maneno. Jina la anayepokea liwe lile la wadhamini wa wakfu kama lilivyosajiliwa, si jina la mchungaji wala "kanisa letu la mtaani". Andika pia kazi yake, kwamba ni karo, na kama unataka mtaji ukae na faida tu ndio itumike, sema hivyo wazi. Watoto waambie sasa wote watatu wakiwa wamekaa, na wosia ukae kwa wakili, usikae kwa kabati ya ofisi ya kanisa.