Kabla ya Kuomba Viini Zaidi: Ushauri kwa Anayeendesha Modeli ya Hali ya Hewa ya Kanda

Wanaoanza kuendesha modeli ya utabiri ya kanda kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, huniuliza swali lilelile: nitumie viini vingapi vya prosesa? Nami huwauliza kwanza: utabiri wako unatakiwa uwafikie watu saa ngapi? Utabiri wa saa 24 unaomalizika baada ya saa 20 haumsaidii anayetaka kujua kama atafurikiwa leo jioni, hata uwe sahihi namna gani. Anza na muda ulio nao. Ukubwa wa eneo, umbali kati ya nukta za gridi na idadi ya viini vitafuata.

Nitazungumzia WRF (Weather Research and Forecasting), modeli ya utabiri inayotumika sana, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea, lakini mengi ya haya yanahusu modeli nyingine za aina hiyo.

Chukua karatasi upige hesabu kabla ya kugusa kibodi. Modeli husonga mbele kwa hatua fupi fupi za muda. Kwa WRF, hatua ya muda kwa sekunde huwekwa isizidi takriban mara 6 ya umbali wa gridi kwa kilomita. Gridi ya kilomita 3 inakupa hatua ya sekunde 18, kwa hiyo utabiri wa saa 48 ni hatua 9,600. Kila hatua ikichukua nusu sekunde, utamaliza kwa dakika 80. Sasa mkubwa wako anakuja na kusema anataka kilomita 1.5. Nukta zinakuwa mara nne, hatua zinakuwa mara mbili, na kazi inapanda mara nane. Mwonyeshe hesabu hiyo mapema, kabla hajamwahidi mtu.

Tuje kwenye viini. WRF hukata eneo lako vipande vya mstatili, na kila mchakato wa MPI (nakala ya programu inayoendeshwa kwenye kiini na kuwasiliana na wenzake kwa ujumbe) hupewa kipande chake. Kukata ni kwa mlalo tu. Safu ya hewa kutoka ardhini hadi juu haigawanywi, kwa sababu mionzi, mawingu na mvua hukokotolewa kwa kufuata safu hiyo wima. Lakini upepo hauheshimu mipaka ya vipande, hivyo kila mchakato hauna budi kupata kutoka kwa jirani zake ukanda mwembamba wa nukta za mpakani, tena mara nyingi ndani ya kila hatua. Hapa ndipo faida ya viini vingi inapoliwa. Tuseme eneo lina nukta 300 kwa 300 na ukanda wa mpakani una upana wa nukta 3. Ukitumia michakato 9, kila kipande ni nukta 100 kwa 100, na ukanda unaozunguka kipande cha katikati ni nukta 1,236, kama asilimia 12 ya kipande chenyewe. Ukitumia 144, kipande ni 25 kwa 25, yaani nukta 625, na ukanda ni 336. Ukienda hadi 900, kipande ni 10 kwa 10, yaani nukta 100, huku ukanda ukiwa 156. Mchakato unabeba data nyingi ya majirani kuliko yake. Ndiyo maana ushauri unaotumiwa sana na watu wa WRF ni kutoshuka chini ya takriban nukta 25 kwa upande, na mimi naufuata. Vipande vikiwa vidogo mno modeli yenyewe hukataa kuanza.

Usiniamini mimi wala kanuni hiyo bila kupima kwenye mashine zako. Endesha saa chache za utabiri kwa idadi tofauti za michakato, kisha fungua faili la rsl.error.0000, ambalo ni kumbukumbu za mchakato wa kwanza, utazame mistari inayoanza na "Timing for main". Acha hatua ya kwanza, ambayo huwa nzito. Tenga pia hatua ambazo mionzi inakokotolewa, maana nazo hurefuka. Zilizobaki chukua wastani wake. Chora muda wa hatua dhidi ya idadi ya michakato, na utaona mahali mstari unapoacha kushuka. Hapo ndipo pa kusimama, hata kama klasta ina viini vingine vimekaa bure.

Mwaka 1922, kabla ya kompyuta za kielektroniki, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, Lewis Fry Richardson, aliwaza ukumbi mkubwa wenye watu 64,000 wakikokotoa hali ya hewa ya dunia nzima kwa mkono, kila kundi na sehemu yake, wakipashana matokeo na majirani. Katikati aliweka msimamizi wa kumulika kwa mwanga wa rangi moja wanaokwenda mbio na kwa rangi nyingine wanaochelewa. Nampenda sana msimamizi huyo, kwa sababu aliliona tatizo tunalohangaika nalo mpaka leo: kasi ya wote ni kasi ya aliye nyuma. Kipande chenye ngurumo na mawingu mazito kina kazi nyingi kuliko kipande chenye anga tupu, na wenye anga tupu hufika kwenye kubadilishana data wakasubiri. Kwa hiyo pima siku ya mvua kubwa. Ukipima siku kavu tu, utabiri utachelewa siku ileile unayohitajika zaidi.

Kuna jambo jingine linalowashangaza watu wanaponunua mashine. Modeli ya hali ya hewa husoma na kuandika kumbukumbu kwa wingi kuliko inavyozidisha na kujumlisha. Viini vyote vya mashine moja hugombea njia zilezile za kwenda kwenye kumbukumbu, hivyo ukijaza viini 32 huenda usipate hata mara mbili ya kasi ya viini 16. Jaribu idadi ileile ya michakato ikiwa imebanana kwenye mashine chache, kisha ikiwa imetawanywa kwenye mashine nyingi, ulinganishe. Hakikisha pia kila mchakato umefungwa kwenye kiini chake. Ukichanganya MPI na OpenMP (njia ya kugawa kazi ya mchakato mmoja kwa nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) bila kufunga, nyuzi kadhaa zinaweza kurundikana kwenye kiini kimoja huku vingine vikilala. Na kama una fedha ya kitu kimoja tu, mimi ningenunua mtandao wa ndani wenye ucheleweshaji mdogo kabla ya prosesa zenye viini vingi zaidi.

Halafu kuna diski, ambayo wengi huisahau kabisa. Gridi ya 300 kwa 300 yenye tabaka 40 ina nukta milioni 3.6. Kigezo kimoja cha pande tatu kwa baiti 4 ni megabaiti 14.4. Vigezo 20 ni megabaiti 288 kwa kila mara modeli inapoandika. Kwa njia ya kawaida ya netCDF, muundo wa mafaili ambao WRF huandikia matokeo, mchakato mmoja hukusanya data yote na kuiandika, na wengine wote wanangoja. Ukiandika kila dakika 10, sehemu kubwa ya muda wako itaishia hapo, na hakuna idadi ya viini itakayokuokoa. Tazama mistari ya "Timing for Writing" ujue unapoteza kiasi gani. Kwanza ondoa vigezo ambavyo hakuna anayevisoma. Kisha tenga michakato michache ya kuandika tu, kwa mipangilio ya nio_tasks_per_group na nio_groups katika faili la namelist.input, ili iliyobaki iendelee na hesabu. Njia ya kila mchakato kuandika faili lake ni ya haraka sana, ila utakuja kuviunganisha vipande hivyo baadaye.

Kwa maeneo yaliyo moja ndani ya jingine, kumbuka kwamba yote hutumia michakato ileile kwa zamu. Eneo la nje la nukta 150 kwa 150 likigawiwa michakato 144 linabaki na vipande vya takriban nukta 12 kwa upande, wakati la ndani la 301 kwa 301 limekaa vizuri. Mara nyingi ni afadhali kulipanua la nje. Gharama yake ni ndogo: la ndani lina nukta mara nne, na kwa uwiano wa 3 (umbali wa gridi yake ukiwa theluthi ya ule wa la nje) linapiga hatua tatu kwa kila moja ya la nje, yaani kazi yake ni kama mara 12.

Modeli ikianguka, usiishie kusoma faili la 0000. Kosa liko kwenye faili la mchakato ulioanguka, na huo unaweza kuwa wowote. Tafuta neno "cfl", onyo kwamba hatua ya muda ni ndefu mno kwa kasi ya upepo, ndani ya mafaili yote ya rsl. Ukilikuta, hasa juu ya milima mikali, punguza hatua ya muda. Usipolikuta na modeli imekufa mara tu ilipoanza, ongeza ukomo wa staki (sehemu ya kumbukumbu ambayo programu huwekea data yake ya muda) kwa "ulimit -s unlimited" kabla ya kuhangaika na mengine.

Na vile viini vilivyobaki bure baada ya kupata idadi inayokufaa, vitumie kuendesha utabiri huohuo mara kadhaa kwa pamoja, kila mmoja ukianza na hali ya mwanzo iliyotofautishwa kidogo. Tabiri hizo hazihitaji kuzungumza zenyewe kwa zenyewe wakati wa hesabu, kwa hiyo hazina gharama ya mpakani niliyoieleza. Zikikubaliana kuhusu mvua ya kesho unaweza kutoa tahadhari kwa uhakika zaidi, na zikitofautiana utajua kusema "huenda". Ningechagua hilo kuliko utabiri mmoja uliowahi kwa dakika kumi.