Vipandikizi vya taya la chini: vibebeshwe mzigo lini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Mpwapwa. Chini hana jino hata moja, na meno bandia aliyonayo yanachomoka akila, hata akiongea. Ameshauriwa awekewe vipandikizi viwili vya titani, yaani skrubu fupi zinazokazwa kwenye mfupa wa taya, ili viyashike. Daktari mmoja hapa Dodoma anasema meno yataunganishwa wiki hiyohiyo, mwingine anasema tusubiri miezi mitatu. Tumfuate yupi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa jibu kamili hupatikana siku ya upasuaji, kipandikizi kinapoingia kwenye mfupa.

Kipandikizi kikikazwa, mwanzoni kinashikwa na msuguano tu. Mwili huanza kwa kuondoa mfupa uliojeruhiwa na keekee, kisha hujenga mpya unaogandana na titani. Kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, mshiko wa zamani umepungua na mpya haujakomaa. Kikisogezwa wakati huo kwa zaidi ya takriban milimita 0.15, badala ya mfupa huota nyama laini kukizunguka. Hakitashika tena, itabidi kitolewe na mama asubiri miezi mingine kabla ya kurudia.

Kwa hiyo anayetaka kuunganisha meno, yaani kuvibebesha vipandikizi mzigo, ndani ya wiki moja lazima awe na vipimo. Nguvu ya kukazia ifike walau nyutoni-sentimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 30 hadi 35 kwa kila kipandikizi, si kimoja tu. Palipo na kifaa cha kupima uimara kwa mitetemo, wengi hutaka namba 70 au zaidi katika 100. Mfupa wa mbele wa taya la chini, kati ya matundu mawili ya neva za kidevu, kwa kawaida ni mgumu, ndiyo maana njia ya haraka hufanikiwa zaidi hapo kuliko taya la juu. Mwulizeni daktari swali moja: "Ukikaza ukapata chini ya 30, utafanya nini?" Akijibu kwamba atafunika na kusubiri, mko mahali salama. Akisema ataunganisha vyovyote iwavyo, tafuteni mwingine.

Kwa mama yenu sisi tungechagua kusubiri wiki 8 hadi 12. Vipandikizi viwili visivyofungwa pamoja kwa fito ya chuma hubeba kila mtikisiko vyenyewe, na kutoka Mpwapwa si rahisi kufika kliniki kila meno yanapobana. Kusubiri hakumpunguzii chochote katika matokeo ya mwisho. Apime pia sukari ya wastani wa miezi mitatu. Ikizidi asilimia 8, ishushwe kwanza. Kama anatumia ugoro au sigara, au amewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa au mionzi ya kichwa na shingo, daktari ajue kabla ya kupanga tarehe.

SWALI: Wakati wa kusubiri, mama avae meno yake ya zamani?

JIBU: Wiki mbili za kwanza akae bila ya chini. Baadaye daktari achimbe plastiki kwa ndani, ibaki nafasi ya milimita 2 juu ya kila kipandikizi, kisha atandike plastiki laini. Hiyo hukakamaa, ikaguliwe kila mwezi. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchimba kidogo mno: meno yanagota kwenye kichwa cha kipandikizi, na huo tayari ni mzigo, japo kwenye kadi imeandikwa "anasubiri". Usiku ayavue. Ale uji, mlenda na ugali laini. Karanga na nyama choma zisubiri.

SWALI: Mimi ni wa Kondoa. Niliunganishiwa meno kwenye vipandikizi viwili, lakini baada ya wiki tatu yamelegea. Vipandikizi vimeharibika?

JIBU: Huenda havijaharibika. Daktari agonge na kusukuma kila kipandikizi meno yakiwa yamevuliwa. Kikicheza, tatizo ni mfupa. Vikiwa imara, bonyeza meno ya magego: mbele ikinyanyuka, plastiki ya nyuma haikai juu ya fizi na inahitaji kujazwa upya. Hapo vipete vya nailoni, vile vinavyobana meno kwenye vipandikizi, huliwa haraka, na kubadilisha vipete peke yake hakutakusaidia.

Chanzo kingine ni kuuma kwa nguvu wakati vikombe vya chuma vinavyobeba vipete hivyo vinagandishwa ndani ya meno. Fizi hubonyea, baadaye hurudi na kuyainua. Dawa yake ni kuvitoa na kuvigandisha upya: kipete cheupe cha mpira kwanza chini ya kikombe ili plastiki isiingie pembeni na kuyanasa meno mdomoni, nafasi ihakikishwe ili kikombe kisiguse meno popote, tundu dogo upande wa ulimi la kutolea ziada, plastiki kidogo tu, na ufunge mdomo taratibu hadi igande. Vipete vikae vile laini kwanza; vigumu vinaweza kuongezwa baadaye ukizoea kuvaa na kuvua.