Kulipia tani au kulipia kazi?

Umeuliza kama sera ya kuhifadhi kaboni udongoni imlipe mkulima kwa kila tani iliyohifadhiwa au kwa kazi anayoifanya shambani. Mimi ningeanza na kazi: mazao ya kufunika ardhi, mboji, miti kati ya mazao, kupunguza kutifua.

Sababu kubwa ni upimaji. Kaboni hutofautiana hata ndani ya shamba moja, na mabadiliko yake huonekana baada ya miaka kadhaa. Ukichukua sampuli za juu tu utadanganyika, kwa sababu kuacha kulima kwa jembe mara nyingi hukusanya kaboni karibu na uso wa ardhi huku kina cha chini kikibaki vilevile au hata kupungua. Teremka angalau sentimita 30. Gharama ya kupima hivyo humlemea mkulima mdogo kabla hajaona malipo yoyote.

Halafu kuna suala la kudumu. Shamba likitifuliwa tena, sehemu ya kaboni hurudi hewani. Australia humtaka mwenye mradi achague kuitunza kaboni hiyo kwa miaka 25 au 100, na anayechagua 25 hukatwa asilimia 20 ya hati zake za kaboni, zile anazopewa kwa kila tani na anazoweza kuuza. Naona ni utaratibu wa haki, ila aliyekodi shamba kwa misimu miwili hawezi kuufuata. Kwa hiyo mikataba ya kukodi irefushwe kwanza.

Na tafadhali, msimsahau aliyetunza udongo wake tangu zamani. Mipango mingi hulipia ongezeko jipya pekee, naye huambulia patupu. Mtengeeni ruzuku ya matunzo.