Ushuru wa Marekani: nani hasa analipa?

Ndugu, umeuliza kama ushuru wa Marekani unalipwa na Wachina, na kama ni hivyo, mbona kaka yako aliyeko huko anakuta konsoli za michezo ya video zimepanda bei na kuadimika. Anayelipa forodha ni kampuni inayoingiza mzigo Marekani. Kiwanda kinaweza kupunguza bei kidogo kisipoteze mteja, lakini sehemu kubwa huangukia kampuni hiyo na mnunuzi.

Chukua mashine za kufulia. Mwaka 2018 Marekani iliziwekea ushuru ulioanzia 20%. Wachumi walipopima, bei ilikuwa imepanda kama 12%, na mashine za kukaushia nazo zikapanda vilevile, ingawa hazikutozwa ushuru huo kabisa! Huuzwa kwa jozi, basi ongezeko likagawanywa pande zote mbili. Hapo ndipo panaponiuma: mtu analipia ushuru ambao bidhaa yake haina.

Kuhusu kuadimika: Aprili 2025, ushuru mpya ulipotangazwa, kampuni ya Nintendo iliahirisha kupokea oda za konsoli yake ya Switch 2 Marekani. Zilipofunguliwa, konsoli ilibaki dola 449.99, ila vifaa vyake vingine vikapanda. Agosti Sony nayo ikaongeza dola 50 kwenye konsoli yake ya PS5. Mwambie kaka aulize na bei ya pedi ya kuchezea kabla hajalipa.