Ukiirudia, Mfuate Mwingine

Kuna episodi moja ya Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za mbali, ambayo nimeitazama mara saba. Mara tatu za kwanza nilidhani nimeielewa. Mara ya nne ndipo ilipofunguka, na aliyenifungulia ni shangazi yangu wa Pangani, asiyejua Kiingereza, aliyekuwa amejilaza mkekani sebuleni kwangu Tabata huku ameipa televisheni mgongo.

Episodi yenyewe inaitwa "Darmok". Ni ya pili katika msimu wa tano, na ilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza Septemba 1991. Nahodha Picard na chombo chake cha anga, Enterprise, wanakutana na watu waitwao Watamari. Mashine ya kutafsiri inafanya kazi vizuri, maneno yanasikika moja moja, ila maana haipatikani. Watamari husema "Darmok na Jalad huko Tanagra," au "Shaka, kuta zilipoanguka," na hapo wamemaliza sentensi. Wanazungumza kwa kutaja visa vya kwao tu, basi asiyevijua visa hivyo hawezi kuambulia kitu. Baada ya mazungumzo kukwama, nahodha wao, Dathon, anashika majambia mawili, na papo hapo yeye na Picard wanajikuta kwenye sayari iitwayo El-Adrel, wawili peke yao, na kuna mnyama wa kutisha anayewanyemelea.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaoniuliza tunafanyaje pale kwangu Ijumaa usiku, maana habari imeenea kwamba tunatazama kitu kimoja mara nyingi na kukibishania mpaka saa sita. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: unapoirudia episodi, usimfuate tena yule uliyemfuata mara ya kwanza. Chagua mtu mwingine, ikiwezekana yule uliyemwona mbaya au mjinga, umkazie macho yeye tangu mwanzo hadi mwisho.

Sikulijua hilo kwa akili zangu. Nilianza kuitazama "Darmok" peke yangu kwenye kompyuta, nimeipata kwa flashi kutoka duka la muvi. Picard anaongea lugha ninayoielewa, kwa hiyo nilikuwa upande wake tangu dakika ya kwanza. Dathon alipomrushia jambia, nami nikasema moyoni: huyu anataka wapigane. Hata Riker, msaidizi wa Picard, anafikiri hivyohivyo. Mwishoni ukweli unafichuka, wewe unaguswa, kisha unazima kompyuta. Mara ya pili na ya tatu niliitazama na marafiki, na hapo nikafanya kosa ninalokuomba ulikwepe: nilikuwa naeleza. Kila Mtamari akifungua mdomo, mimi nimeshasema maana yake. Wenzangu walitikisa vichwa, wakanywa soda zao, wakaaga. Hakuna aliyebisha, kwa sababu sikuwa nimewaachia kitu cha kubishania.

Sasa shangazi. Ijumaa ile alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto limefunikwa, na mwanga wa televisheni ulimsumbua. Nikataka kuzima. Akasema, "Acha mwanangu, mimi nitasikiliza." Akageukia ukutani. Sisi tukaendelea, mimi, shemeji yangu na binti yangu wa kidato cha pili, tena safari hii sikueleza chochote, kwa kuogopa kumpigia shangazi kelele.

Inafika mahali Picard anahangaika kuwasha moto usiku na moto hauwaki. Dathon, aliye kando ya moto wake, anacheka, anasema "Shaka, kuta zilipoanguka," kisha anachukua kijinga kinachowaka, anakitupa kwa Picard, anasema "Temba". Shangazi, bila kugeuka, akauliza, "Huyo wa sauti nzito kampa mwenzake nini?"

Nikaweka pozi. Nikamuuliza amejuaje kama kuna kitu kimetolewa.

"Kicheko chake si cha dhihaka. Ni cha mtu anayemcheka mgeni huku anamsogezea kiti. Tangu mwanzo huyo hana ugomvi. Mwenye hasira ni yule mwingine."

Mwenye hasira ni Picard wangu! Nikarudisha nyuma tukasikiliza tena, na ni kweli. Picard ndiye anayefoka na kulirudisha jambia chini. Kwa shangazi wote wawili walikuwa wageni sawasawa. Lugha ya Picard hakuielewa, ya Dathon hakuielewa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumpendelea yeyote. Alisikia sauti mbili tu, akazipima. Mimi Kiingereza changu kilikuwa kimenichagulia upande bila kuniuliza.

Aliyecheza Dathon ni Paul Winfield, Mmarekani mweusi aliyewahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1972. Humu uso wake wote umefunikwa kwa ngozi ya bandia, hivyo kazi kubwa ameifanya kwa sauti. Ukitaka kuipima, fanya kama shangazi: geukia ukutani kwa dakika tano. Nakushauri kwa dhati, maana macho huwa na haraka ya kuhukumu sura.

Tukaanza upya palepale, saa tatu na nusu usiku, na safari hii nikatamka kwa Kiswahili maneno ya Dathon tu, neno kwa neno, bila kufafanua. "Temba, mikono wazi." Shangazi akasema hiyo ni kinyume cha mkono wa birika. "Shaka, kuta zilipoanguka." Akanyamaza kidogo, akasema, "Shaka ikiingia, nyumba haisimami." Najua kwamba katika kisa chenyewe Shaka ni jina la mtu au mahali, na msemo hutumika jambo linaposhindikana. Lakini sikio la Mswahili lilikuwa limefika palepale kwa njia yake, na sikutaka kumsahihisha. (Binti naye akakumbusha kwamba Temba ni ukoo wa Kilimanjaro na darasani kwao wapo wawili.)

Halafu akatusimulia jambo. Zamani kule Pangani alikuwa na jirani aliyempita kila asubuhi bila salamu. Shangazi hakumuuliza. Alinunua kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", akaivaa, akafagia uwanja taratibu mpaka jirani apite. Siku ya tatu jirani naye akatoka na yake: "Usisafirie nyota ya mwenzio". Wakaendelea hivyo karibu mwezi mzima, hakuna aliyefungua mdomo, na mtaa mzima ulikuwa unafuatilia. "Sasa hao watu wenu wa nyotani," akasema, "wana tofauti gani na sisi?"

Tangu hapo nina kanuni: katika kila kikao awepo mtu mmoja asiyekijua kitu hicho kabisa, na yeye ndiye aanze kusema. Mjuzi wa sizoni aseme wa mwisho. Akianza yeye, wengine wataishia kumuuliza maswali tu, kikao kigeuke darasa.

Shemeji hakukubali kirahisi, na kwa hilo nampenda. Yeye ni fundi umeme. Hoja yake: lugha ya namna hiyo haiwezekani. Kama kila kitu ni kutaja kisa, kisa chenyewe umemsimulia mtoto kwa lugha gani? Na hao watu wamejengaje chombo cha anga? Fundi akitaka nati ya milimita kumi anasema nini, Darmok na nati huko Tanagra?

Ni hoja nzito, na wapenzi wengi wa tamthilia hii wameshaitoa. Jibu la nati sina. La mtoto tulilipata pamoja, kidogokidogo. Nilimuuliza binti kama anajua maana ya "sizitaki mbichi hizi". Anajua, na huwatania nayo wenzake waliokosa kitu wakajifanya hawakukitaka. Hadithi ya sungura aliyerukia matunda asiyafikie akaisoma baadaye sana. Vivyo hivyo "njia mbili zilimshinda fisi". Shemeji mwenyewe huitumia kwa wateja wanaotaka kazi nzuri na ya bei ya chini kwa wakati mmoja, lakini tulipombana atusimulie kisa cha fisi kwa ukamilifu, alikwama katikati. Mtoto huokota msemo kwanza, kwa sauti na sura ya anayeusema, kisa kinafuata, au hakifuati kabisa. Mtu akikwambia "hilo ni busu la Yuda" au "una subira ya Ayubu", wewe huanzi kudai kitabu. Kwenye episodi, Troi, mshauri wa chomboni, anatoa mfano wa Juliet kwenye roshani yake: kama humjui Juliet ni nani, sentensi hiyo ni kelele.

Kuhusu utaratibu nitasema machache. Episodi moja tu kwa usiku mmoja. Hii ni ya dakika arobaini na tano hivi, na mazungumzo hula saa mbili. Mara ya kwanza msiweke pozi hata kidogo, hata mtu akiwa na swali, aliandike. Mara ya pili wekeni pozi mnavyotaka. Simu zikae mbali, hasa zile video za watu wanaoeleza mwisho wake, maana ukishameza maelezo ya mwingine hutayasikia yako. Na usiulize "umeipenda?" Swali hilo lina majibu mawili tu na yote ni mafupi. Uliza, "Ni wapi umebadili mawazo kuhusu mtu?" Kwetu chakula ni mihogo ya kukaanga na kachumbari, kabla ya kuanza, si katikati.

Umeme ukikatika, msiondoke. Kuna Ijumaa ulikatika Picard na Dathon wakiwa wanamkabili mnyama, na giza lile lilitupa mazungumzo bora kuliko yote. Tuliongelea hapohapo picha ilipokwama: wenzake Picard wanajaribu kumvuta arudi chomboni kwa mwale, ule mtambo wao wa kumhamisha mtu papo hapo. Wanamshika katikati ya mwale, hayuko huku wala kule, anaona kila kitu ila hawezi kusaidia, na Dathon aliyebaki peke yake anararuliwa na mnyama. Nilikuwa nimeitazama sehemu hiyo mara nne nikimwonea huruma Picard. Shemeji, gizani, ndiye aliyesema: waliomuua Dathon ni wale waliokuja kuokoa. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wameshaamua kinachoendelea kule chini kabla ya kukielewa. Tukakaa kimya, na niliposhika kibiriti kuwasha mshumaa binti akasema niache kwanza.

Ukimfuata Dathon tangu mwanzo, utaona pia kwamba anajua anachokwenda kukifanya. Darmok na Jalad walifika kisiwani kila mmoja kivyake, wakapambana na mnyama mmoja, wakaondoka pamoja kwa bahari. Anataka kukiishi kisa hicho na Picard kwa sababu maneno yamegoma. Na anapokuwa anakata roho, anamwomba Picard naye atoe kisa cha kwao. Picard anamsimulia Gilgamesh na Enkidu, hadithi ya Mesopotamia iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo maelfu ya miaka iliyopita: wawili walioanza kwa kupigana, wakawa marafiki, Enkidu akafa na Gilgamesh akalia. Mara ya kwanza nilisikia Picard akimliwaza mgonjwa kwa hadithi. Ukiwa upande wa Dathon, unasikia anaambiwa kwa lugha yake mwenyewe: wewe ni Enkidu, nami nitakulilia. Hapo nilishindwa kuendelea kutafsiri, na shangazi akasema nisihangaike.

Kama hamjui muanze na ipi, anzeni na "Darmok", kwa kuwa Mswahili ameshaishi nusu yake. Mkitaka ya zamani zaidi, katika Star Trek ya kwanza, ya 1966 hadi 1969, yupo afisa mawasiliano Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Katika episodi ya "The Changeling" ya 1967 kumbukumbu yake inafutwa, na anapojifunza upya kusoma, Kiswahili kinamtoka mdomoni. Nayo tutaifikia.

Shangazi alirudi Pangani. Siku jicho lilipofunuliwa alisoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani kutoka alipokaa, na binti akapiga kelele, "Sokath, macho yake yamefunguka!" maneno wanayoyasema Watamari mtu anapoelewa. Kila Ijumaa anapiga simu kuuliza tumefika wapi.

Ijumaa hii ni mara ya nane, na anayechagua wa kumfuata ni binti. Amemchagua msaidizi wa Dathon, ambaye mimi sikuwahi kumtazama hata mara moja. Ameshaandika kwenye daftari lake kwamba mwanzoni kabisa msaidizi huyo anabishana na nahodha wake, na Dathon anamnyamazisha kwa maneno mawili, "Mto Temarc!", na ni Dathon mwenyewe anayeongeza kwamba ni majira ya baridi. Mto ulioganda hautoi sauti. Binti anataka kujua kama alikuwa anakataa nahodha asiende kufa, na kama ni hivyo, uso wake unakuwaje pale Picard anaporudi peke yake na kumkabidhi kumbukumbu za marehemu. Shemeji anasema atakuja, ila swali la nati bado analo.